Mwalimu wa Kihesa na Kahawa Iliyong'olewa

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba najua mambo mengi mno alikuwa Mwalimu wa Kihesa, naye hakuwa akinisifu. Alikuwa ameishika karatasi yangu kwa ncha za vidole viwili, akaisogeza mbali na miwani yake, kisha akaisoma kwa sauti mbele ya darasa zima: "Mila na Desturi za Wanyakyusa." Akaniuliza kama nimeshakodi lori. Nikasema sijaelewa. Akasema mzigo wa namna hiyo haubebwi kichwani, na kwa alivyoona yeye nilikuwa nimefika Iringa na sanduku moja la bati tu. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao ili nisilie.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Tulikuwa walimu wasaidizi tulioletwa Iringa kwa kozi ya mwaka mmoja, wengi wetu wanaume, wanawake watatu tu, na mimi nilikuwa mmoja wao, mke wa mtu kutoka upande wa Tukuyu. Kabla ya kupewa cheti kila mmoja alitakiwa kuandika uchunguzi: achague jambo moja la kwao, alifuatilie kwa miguu na masikio yake mwenyewe, aliandike kwa ushahidi. Ambaye uchunguzi wake haukupokelewa alirudi kuwa msaidizi kama alivyokuja, na kozi haikurudiwa. Mume wangu alikuwa kazini Chunya. Mama mkwe wangu ndiye aliyesema niende, akabaki na watoto wangu wawili, huku majirani wakimuuliza ni mwanamke wa namna gani anayeacha migomba yake kwenda kusomea ualimu wakati tayari ni mwalimu. Kwa hiyo nilikitaka kile cheti kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote.

Tulimwita Mwalimu wa Kihesa kwa sababu wenzake wote walikaa katika nyumba za shule, yeye peke yake akikaa Kihesa, akija kila asubuhi akisukuma baiskeli ambayo sikuwahi kumwona ameipanda. Baiskeli ilikuwa ya kubebea madaftari yetu. Alikuwa Mwislamu, mtu wa kofia nyeupe iliyofuliwa vizuri na, miezi ya baridi, sweta mbili moja juu ya nyingine. Watu walisema babu yake alitoka pwani. Ukimgusia habari hizo alijibu kwamba yeye ni wa hapa, muulize ya hapa.

Alikuwa na namna yake ya kupima mada, na hakuipima darasani. Ukishaandika swali lako alikuambia ulipeleke sokoni Jumamosi, ukawaulize watu watatu wasiokujua, urudi Jumatatu ueleze walijibuje. Hakujali sana walichosema. Alitaka kujua wamekisema vipi. Mtu akijibu kwa hotuba, alituambia, swali lako bado ni kubwa, maana watu hutoa hotuba pale wasipokuwa na habari. Akijibu ndiyo au hapana akaendelea kupanga nyanya zake, swali limekuwa dogo mno. Lakini akisema "nilikuwapo", na jirani yake akadakia kwamba huyu hakuwapo, mimi ndiye niliyekuwapo, basi kaa chini ufungue daftari, umefika.

Ambakisye, mwenzangu wa Tukuyu, aliyekuwa na maneno mengi kuliko sisi sote, alichagua vita vya Wahehe na Wajerumani. Jumatatu ya kwanza alirudi na hotuba tatu. Mwalimu akamwambia arudi akaulize watu walikula nini wakati wa vita. Safari hii alileta hotuba mbili, na mama mmoja muuza maharage aliyesema bibi yake alificha mtama shimoni. Mwalimu akasimama. Shimo lilikuwa wapi? Lilifunikwa kwa nini? Nani mwingine alilijua? Ambakisye hakuwa ameuliza, akarudishwa tena. Mwisho wa yote aliandika kurasa kumi na nne juu ya mashimo ya nafaka ya mlima mmoja tu, na vikongwe wawili nusura wapigane fimbo mbele yake kwa ajili ya shimo la tatu. Alilalamika kwamba alikuja kutafuta vita akapewa mashimo, lakini alilalamika huku akitabasamu, kwa maana alijua amepata kitu ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho.

Mwingine, wa kutoka Nyololo, alitaka kuandika habari za Barabara Kuu, mwanzo wake hadi mwisho wake. Mwalimu akamuuliza kama amewahi kuuona huo mwanzo. Hakuwa ameuona. Na mwisho? Wala huo. Basi aandike kipande anachoweza kukitazama bila kugeuza shingo. Yule bwana akaishia kuandika kwa nini akina mama wauza viazi pale kwao hukaa upande mmoja tu wa barabara, na ikaonekana kwamba ni kwa sababu ya malori yanayosimama upande huo kutia maji kwenye rejeta, na kwamba palikuwa na ugomvi wa miaka mitatu juu ya nani akae karibu na kisima. Nilipomsikia akiisoma kazi ile nilimwonea wivu wa kweli.

Mambo ya Mwalimu hayakulingana, na sisi tulifurahi kuyahesabu. Hakuonja pombe maisha yake, lakini msimu wa ulanzi, mianzi inapogemwa, ungemkuta jioni amekaa kwenye kilabu cha Kihesa na kikombe cha chai ya tangawizi aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Alisema wanywaji wakigombania mpaka wa shamba hutaja majina, misimu na miti, ilhali wazee wa baraza hutaja heshima tu. Wenzake wa msikitini walimsema. Aliwajibu kwamba masikio hayalewi, akaendelea kwenda.

Alitufundisha kuingia kila nyumba, na yeye mwenyewe aliogopa mbwa kupita kiasi. Siku moja alitupeleka kwa bibi mmoja Mhehe nje ya mji tujifunze kuhoji. Uani palikuwa na mbwa mdogo, mtoto kabisa, amelala. Mwalimu alibaki njiani na daftari lake, akapiga salamu ya Kihehe, "Kamwene, mama", kwa sauti ambayo ingesikika mlima wa pili, akamhoji yule bibi akiwa hapo hapo alipo, bibi naye akijibu kwa kupayuka, huku mbwa akiendelea na usingizi wake. Tuliporudi hakuna aliyethubutu kucheka mpaka yeye alipoanza.

Na huyu aliyezipunguza mada za watu wote alikuwa na mada yake iliyomshinda. Mkewe, mama mcheshi aliyetupikia vitumbua kila tulipomtembelea, ndiye aliyetutobolea siri kwamba chini ya kitanda kuna sanduku limejaa karatasi juu ya familia za Kiswahili zilizoingia Iringa, kazi ya miaka kumi na zaidi, na ukurasa wa kwanza haujaandikwa. Kila familia ilimpeleka kwenye nyingine. Ambakisye akamshauri Mwalimu achague familia moja. Kwa siku mbili Mwalimu alimjibu salamu kwa kidevu.

Ndani ya kazi alikuwa mkali. Hakusifu, neno lake kubwa lilikuwa "si mbaya", na aliyelipata alilitembeza bwenini wiki nzima. Hakuruhusu mtu kufuta. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, ili kosa lenyewe liendelee kusomeka. Ukiandika "watu husema", alikata kwa wino mwekundu akaandika pembeni: watu gani, hawana majina? Kila ushahidi ulitakiwa uwe na jina la aliyeutoa. Na kubwa zaidi, hukuruhusiwa kumtuma mtu akakuulizie. Swali ni lako, alisema, lipeleke kwa mdomo wako. Mwenzetu mmoja Msangu alipojitetea kwamba mila zao haziruhusu kijana kumuuliza mzee fulani habari fulani, Mwalimu alimwambia mbele yetu sote kwamba mila ni blanketi la wavivu. Maneno hayo niliyaandika daftarini kama nilivyoandika mengine yote.

Mada yangu aliihangaikia kuliko za wengine, labda kwa kuwa ilikuwa kubwa kuliko zote. Kutoka mila zote za Wanyakyusa tulishuka hadi kilimo, kutoka kilimo hadi kahawa, na kutoka kahawa ya Rungwe nzima hadi kahawa ya kijiji kimoja, kwetu nilikoolewa. Aliniuliza mche wa kwanza ulipandwa na nani. Sikujua. Miaka sita nilikuwa nimechuma kahawa ile, nikaianika, nikanunulia sare za watoto, wala sikuwahi kujiuliza. Likizo ya katikati ya mwaka akanituma nyumbani na swali hilo moja.

Nilimuuliza mama mkwe tukiwa tunamenya ndizi. Akasema kahawa ya kwanza ya pale iling'olewa, na aliyeing'oa ndiye yule yule aliyeipanda. Nikauliza ni nani. Hakutaja jina, alinyoosha midomo kuelekea upande wa pili wa nyumba, alikokuwa akikaa mumewe. Siku mbili zilizofuata nilizunguka kijiji. Mmoja alisema iling'olewa kwa amri ya chifu. Jirani yake akasema uongo, chifu hakujua, mimi nilikuwapo. Wa tatu akasema wote wawili walikuwa bado wananyonya. Nilisikia furaha mwilini, kwa kuwa nilijua nimefika pale Mwalimu alipotaka nifike. Swali langu lilikuwa limebaki dogo kabisa na zuri kabisa: kwa nini mtu apande kahawa ikashika, kisha aing'oe kwa mikono yake? Na mtu wa kulijibu alikuwa mmoja tu duniani, baba mkwe wangu.

Hapa inabidi nieleze, kwa asiye wa kwetu. Mke wa mtoto wako, kwa Wanyakyusa, hakutani nawe uso kwa uso. Hamtazami baba mkwe wake, hazungumzi naye, hatamki wala kuandika jina lake. Wakikaribia kukutana njiani, yeye ndiye anayeingia migombani na kugeuka mpaka mzee apite. Sisi tulikuwa Walutheri na baadhi ya vijana walikwisha kulegeza mambo hayo, lakini baba mkwe hakuwa amebatizwa, na katika nyumba ile desturi ilishikwa barabara. Miaka sita nilikuwa ninajua kikohozi chake na mlio wa jembe lake. Uso wake sikuujua.

Nilirudi Iringa na swali bila jibu. Ningeweza kumwandikia mume wangu Chunya aniulizie, lakini hiyo ilikuwa kutuma mdomo wa mtu. Ningeweza kumweleza Mwalimu, lakini nilikwisha kumsikia juu ya lile blanketi. Niliwaza watoto niliowaacha, nikawaza majirani. Nikakaa nikaandika kwamba kahawa ile iling'olewa kwa sababu ya wadudu. Nikaandika: "Baba mkwe wangu aliniambia kwamba majani yalianza kutoboka." Niliandika vizuri, na hata wadudu wenyewe niliwaeleza rangi yao. Mahali pa jina lake niliacha nafasi.

Mwalimu aliusoma uchunguzi wangu, akasema si mbaya. Halafu akafanya jambo ambalo hatukuwahi kumwona akilifanya: aliusoma wote darasani, kwa saa nzima, akisimama kila mahali kuonyesha jinsi mada ilivyoshuka hatua kwa hatua kutoka kabila zima hadi miche kumi na miwili na mtu mmoja. Wino mwekundu ulikuwa mahali pamoja tu, pembeni ya ile nafasi, ameandika: jina? Akasema nitalijaza baadaye. Nakala yake alikuwa amekwisha kuipeleka ofisi ya elimu ya jimbo, ichapishwe katika kijitabu cha kuwafundishia walimu wengine. Nilikaa pale nimeinamisha kichwa, na darasa likadhani ni unyenyekevu.

Ambakisye hakudhani hivyo. Tulipotoka alinivuta pembeni akaniuliza kwa Kinyakyusa tangu lini ninapiga soga na baba mkwe wangu. Akasema yeye hatamwambia mtu, si kazi yake, lakini kijitabu kikichapwa kitafika Tukuyu, na Tukuyu wapo watu wanaosoma. Hapo ndipo nilipoona kisima nilichojichimbia. Wangesoma kwamba nimezungumza na mkwe wangu, na aibu ingekuwa ya mama mkwe aliyenitetea. Au wangejua kwamba sikuzungumza naye, na aibu ingekuwa yangu na ya Mwalimu pamoja.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda Kihesa. Nilimkuta Mwalimu barazani akitengeneza mnyororo wa ile baiskeli asiyoipanda. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: desturi, wadudu, nafasi niliyoiacha. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza kwa nini sikumweleza mapema, nikamkumbusha alichomwambia yule Msangu.

"Hilo nililisema mimi?"

"Ulilisema, Mwalimu. Nimeliandika."

Alifuta grisi mikononi, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu. Nilijiandaa kufukuzwa.

"Basi mvivu ni mimi, bibi," alisema. "Nimekaa mwezi mzima naibana mada yako, nikafurahi imebakia mtu mmoja. Sikuuliza huyo mtu ni nani kwako. Uongo ni wako, na huo utaupigia mstari wewe. Lakini kukufikisha pale nilikufikisha mimi."

Siku ile ile aliandika barua kwa ofisi ya jimbo akiomba nakala irudishwe, kwa maelezo kwamba mwalimu msimamizi aliipitisha kazi kabla ya kuihakiki. Neno juu ya uongo wangu hakuliandika. Nakala ilirudi, na pamoja nayo karipio. Mkewe alikuja kuniandikia barua baadaye sana kwamba mwaka ule Mwalimu alikuwa akitarajia kupewa ukaguzi wa shule, cheo alichokuwa amekingojea kwa miaka, na kwamba alipewa mwingine. Yeye mwenyewe hakunigusia hata mara moja, na mimi mpaka leo nikikumbuka hilo moyo unaniuma.

Wenzangu walipewa vyeti vyao. Mbele ya jina langu kwenye orodha iliandikwa kwamba kazi inangojewa. Mwalimu akaniambia nitangulie nyumbani nikamwombe mama mkwe ruhusa, yeye atakuja likizo itakapoanza. Nikamuuliza, aje kufanya nini? Akasema aje kuwa mdomo wangu. Nikamkumbusha kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekataza kutumana. Akasema anajua alichokataza.

Wiki ile tuliyokaa naye Tukuyu ndiyo ya mwisho mimi kumwona, maana mwaka uliofuata alihamishiwa jimbo jingine. Alikuja na mkewe, ili watu wasije wakapata la kusema juu ya mwalimu wa kiume na mke wa mtu. Walipanda basi kutoka Iringa, wakalala Mbeya kwa ndugu zao, kesho yake wakapanda jingine. Mama yule alishuka Tukuyu amejifunga kanga tatu na blanketi, akasema hakujua kwamba mvua inaweza kunyesha kutoka chini. Tulitembea saa nzima kwenye utelezi mpaka kijijini.

Uani kwa baba mkwe kulikuwa na mbwa wawili wakubwa, nao hawakulala. Nilikuwa nimesahau kumwonya. Nilichungulia kutoka jikoni kwa mama mkwe, kupitia upenyo wa ukuta wa mianzi, upande ambao hauonyeshi kiti cha mzee, nikamwona Mwalimu amesimama kwenye uchochoro wa migomba na daftari kifuani. Mbwa walikuja wakibweka. Alifumba macho, akaingia. Mkewe, aliyekuwa karibu nami, alinishika mkono akasema hajawahi kumwona akifanya hivyo tangu waoane.

Baba mkwe alikijua Kiswahili. Alikuwa amefanya kazi kwenye dhahabu huko Chunya alipokuwa kijana. Nilimsikia akimkaribisha mgeni. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema maneno mengi kwa lugha ninayoifundisha. Mwalimu hakuzunguka. Alisema ameleta swali la mwalimu mmoja ambaye hawezi kuja mbele yake, na kwamba mwalimu huyo yupo karibu na anasikiliza. Kisha mzee akasema anajua nani yuko jikoni, swali lisemwe.

Mwalimu akalisoma kama nilivyoliandika.

"Ile miche alinipa Bwana Shamba," alisema baba mkwe. "Kumi na miwili. Nikapanda pale, ikashika vizuri. Sisi hapa tumejenga pamoja, watu wa rika moja, Mwalimu. Leo tunakula kwangu, kesho kwa mwenzangu. Ndiyo maisha yetu. Sasa kahawa ikafika kwenye goti, nikaona wenzangu wakija wanasema wameshiba. Siku ya kwanza, sawa. Siku ya nne bado wameshiba. Mtu akikuambia siku nne kwamba ameshiba, hajashiba. Anakuona unataka kukaa peke yako na mti ambao unakaa miaka ishirini."

Mama mkwe, ambaye alikuwa akichochea moto, aliacha kuchochea.

"Nikawaita mchana. Nikang'oa yote, wakiona. Nikampa kila mtu mche wake, akapande kwake. Minne ikafa, mingine ikashika. Na jioni wakaja kula."

Nilikuwa ninaandika na machozi yananitoka. Niliandika vipande vitatu vya karatasi na maswali mengine, na mama mkwe, asiyejua kusoma, alivipeleka kimoja kimoja akivishika kwa mikono miwili. Je, angeweza kuyataja majina ya waliopewa? Alitaja yote kumi na moja, na akaonyesha mche wa kumi na mbili, wake mwenyewe, ulipokuwa. Kisha yeye naye akauliza. Alitaka kujua huyo mwalimu wa jikoni alikuwa ameandika nini mwanzoni, kabla ya kuja kuuliza.

Mwalimu angeweza kukwepa. Nilimwomba Mungu akwepe.

"Aliandika wadudu," alisema Mwalimu.

Nikasikia kicheko cha baba mkwe kikianza taratibu, kikipanda mpaka akakohoa. Alisema atawaambia wenzake waliobaki kwamba wamekuwa wadudu. Alipotulia alisema jambo jingine, kwa sauti ya chini zaidi, nami nilibandika sikio kwenye mianzi ili nisilikose.

"Mwambie swali lake ni zuri. Watoto niliozaa mwenyewe hawajaniuliza."

Mama mkwe alinitazama, akanipangusa uso kwa upande wa kanga yake.

Mwalimu alikuja jikoni jua likiwa bado juu. Nilikuwa nimekwisha kuupigia mstari ukurasa wa wadudu, mstari mmoja, na nilikuwa nimeandika mpya. Aliusoma akiwa amesimama, sweta zake zimelowa. Akasema kazi imepokelewa, cheti atakileta kwa posta. Halafu akageuza karatasi akaniwekea juu ya ungo, akagusa ile nafasi.

"Hapa pamebaki."

Nikamwambia siwezi, naye anajua siwezi.

Aliniomba kalamu. Alichuchumaa karibu na moto, akaliandika yeye mwenyewe jina la baba mkwe wangu, polepole, kwa ule mwandiko wake wa kulala upande tuliouogopa mwaka mzima, kisha akalifunika kwa kiganja mpaka wino ulipokauka.